Deraya ya foamu: usibandike vipande gundi ikiwa mbichi

Unatengeneza deraya (vazi la kivita) la kuigizia, na unaunga vipande vya foamu ya EVA (ile ya mikeka ya watoto) kwa gundi ya fundi viatu? Paka nyembamba kingo zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10, kisha gusa. Ikinata bila kuhamia kidoleni, iko tayari. Gundi hii hushikana yenyewe kwa yenyewe. Ukiibana mbichi, kiyeyushi chake hakina pa kutokea, na mshono utaachia pale tu utakapokunja kiwiko. Ukingo ukionekana mkavu kama haukupakwa, foamu imeinywa: ongeza mkono wa pili. Ikishagusana haisogei tena, kwa hiyo tia alama za kulinganisha kila sentimita 5, anza na ncha mbili, halafu katikati, ndipo ubanebane palipobaki. Kukunja foamu kwa hewa moto kufanyike kabla ya kuunga, maana joto hulegeza gundi. Kwa upanga wa lile povu jeupe la kufungashia tivii usiitumie kabisa, italila hadi libaki shimo. Na fanyia nje, harufu yake si mchezo.