Kusoma damu ya mgonjwa wa kiharusi: hatua ninazofuata wodini

“Dokta, baba atatembea?”

Swali hilo hunikuta koridoni, majibu ya maabara yakiwa bado hayajarudi. Anayeuliza amekesha njiani kutoka Mpwapwa au Manyoni, chupa ya uji iko mkononi, na hataki hotuba. Ninyi mnaoanza zamu kwenye wodi za wagonjwa wa ndani hapa Dodoma mtaulizwa hivyo hivyo. Mtakutana pia na watu waliosoma mtandaoni kwamba damu inatabiri nani atapona kiharusi. Inatabiri, kiasi. Nawaandikia ninavyofanya mimi kwa vipimo tulivyo navyo.

Hatua ya 1: Mkono kwanza, sindano baadaye

Muulize aliyemleta: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Usiandike saa aliyokutwa ameanguka. Damu ya masaa matatu baada ya kiharusi na damu ya siku ya tatu hazisomwi sawa, na bila saa hiyo namba zote zinazofuata zinaelea.

Kisha andika umri na alama za NIHSS, kipimo cha ukali wa kiharusi, zile za 0 hadi 42. Hayo mawili ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya utabiri; damu huongezea juu yake. Picha ya CT ipigwe, maana hakuna kipimo cha damu kwenye maabara zetu kitakachokuambia kama mshipa umeziba au umepasuka.

Halafu mwambie mgonjwa anyooshe vidole vya mkono uliopooza, kisha auinue mkono huo kwa pembeni kuanzia begani. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa wa kiharusi cha mshipa kuziba kwa miezi 6. Walioweza yote mawili, hata kidogo, ndani ya saa 72, walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha kiasi fulani cha kazi ya mkono. Walioshindwa yote mawili walikuwa na asilimia 25. Kipimo hicho hakina bei, na mimi sijaona cha damu kinachokishinda kwa swali la mkono. Ndiyo maana nakiweka mbele.

Hatua ya 2: Sukari, hapo hapo kitandani

Tumia glukomita kabla ya kipimo kingine chochote cha damu. Ikisoma chini ya 3.3 mmol/L, rekebisha kwanza, kisha pima mkono upya. Sukari ikishuka inaweza kumpooza mtu upande mmoja ukaapa ni kiharusi, na dripu ya glukosi ikaondoa yote.

Ikiwa juu ya 10, hiyo ni dalili mbaya hata kwa asiye na kisukari. Ila msikimbilie kuishusha kwa nguvu. Utafiti wa SHINE wa Marekani, uliotoka 2019 ukiwa na wagonjwa 1,151, ulionyesha kwamba kuibana sukari sana hakukuboresha kupona na kuliwaangusha baadhi yao kwenye sukari ya chini mno. Mimi huilenga kati ya 7.8 na 10, basi. HbA1c itakuambia kama sukari ilikuwa juu miezi yote hii au imepandishwa na mshtuko wa kiharusi. Kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu usiiamini.

Hatua ya 3: Chupa ya zambarau

Hapa ndipo penye mali. FBP, yaani picha kamili ya damu, tunaipima kila siku, tunaangalia himoglobini, tunaweka karatasi kwenye faili. Angalia mistari ya nyutrofili na limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu: zile namba kamili, uache asilimia. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Nyutrofili 8.4 na limfosaiti 1.4: uwiano ni 6.

Kwa nini namba hiyo ina maana? Ubongo ukiumia, mwili hutoa homoni za mshtuko. Nyutrofili hupanda, limfosaiti hushuka, na kinga inalegea wakati ule ule mgonjwa anapopaliwa na mate yake. Uwiano mkubwa umeonekana kwenye tafiti nyingi kwenda pamoja na homa ya mapafu baada ya kiharusi, na pia na hali mbaya zaidi baada ya miezi mitatu.

Namna ya kuchukua: toa damu kabla ya antibayotiki ya kwanza, kwenye mkono usio na dripu. Andika saa kwenye chupa, tarehe peke yake haitoshi. Rudia siku ya tatu. Mimi naujali zaidi mwendo kati ya namba hizo mbili kuliko namba yenyewe, na nina sababu. Mipaka iliyoandikwa kwenye majarida imetoka zaidi China na Ulaya. Watu wengi wa kusini mwa Sahara wana nyutrofili chache kwa asili kutokana na jeni ya kundi la damu la Duffy, na wako wazima kabisa. Mtu ambaye kawaida yake ni 1.6 akipanda hadi 4, mashine haitapiga alama yoyote nyekundu, kumbe amepanda zaidi ya mara mbili. Kwa upande mwingine, VVU hupunguza limfosaiti na kuukuza uwiano kabla hata ya kiharusi. Kwa hiyo kipimo cha VVU kiwepo kwenye faili kabla hujatafsiri chochote.

Sasa kosa langu. Nililetewa baba mmoja, mkulima wa alizeti, kwa rufaa. Uwiano wake ulikuwa 14, sukari 13. Nikawaita wanawe pembeni nikawaambia wajiandae. Jioni muuguzi wa zamu, dada mmoja asiyependa haraka, akanionyesha nyuma ya karatasi ya rufaa: alikuwa amechomwa dexamethasone mara tatu huko alikotoka. Dawa hiyo hupandisha nyutrofili, hushusha limfosaiti na kupandisha sukari. Namba zote mbili zilizonitisha zilitoka kwenye bomba la sindano. Na vidole vyake vilikuwa vinanyooka, nilikuwa sijavipima. Niliwarudia wale vijana nikawaambia nimekosea, na haikuwa rahisi. Tangu siku hiyo karatasi ya rufaa naisoma pande zote mbili.

Hatua ya 4: Chupa nyekundu, kwa haraka

CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi: ikipanda siku ya tatu pamoja na uwiano, sikiliza mapafu na upime joto kabla ya kuutaja ubongo. Urea na kriatinini, vipimo vya figo: mtu aliyelala sakafuni tangu alfajiri mwezi wa kumi, kwa joto letu hili, amekauka, na ukavu unazidisha usingizi ukadhani kiharusi kinaendelea. Albumini, protini ya damu, ikiwa chini, mwite mtu wa lishe mapema.

Hatua ya 5: Vipimo mnavyovisikia

Kuna NfL, protini inayovuja kutoka kwenye nyuzi za neva zilizokatika. Hupanda taratibu kwa siku na wiki, na wingi wake unaendana na ukubwa wa jeraha. Ipo GFAP, ya seli zinazoshikilia neva, ambayo hupanda haraka zaidi mshipa ukipasuka. Nazipenda, na nadhani siku moja zitafika wodini. Leo, ndugu asiuze mbuzi kwa ajili yake. Fedha hiyo ilipe mazoezi ya viungo na mpira wa kulishia.

Hatua ya 6: Kurudi koridoni

Usiwape namba. Binti wa mgonjwa mwenye vidole vinavyonyooka, lakini uwiano umetoka 4 hadi 9, nilimwambia hivi: “Dada, mkono wa mama una matumaini. Ninachokiogopa wiki hii ni kifua. Msimpe uji akiwa amelala, hata kijiko kimoja.”

Akauliza, “Na maji?”

“Na maji.”

Tukamwinulia kichwa cha kitanda, tukampima kumeza, na uji ukasubiri.

Kwenye kadi ya kliniki naandika tarehe ya siku ya 90. Siku hiyo namkadiria kwa kipimo cha Rankin, cha ulemavu baada ya kiharusi, 0 hadi 6, na namba naiandika ukurasa ule ule wenye uwiano wa siku ya kwanza. Kwa wanaotoka mbali naomba namba mbili za simu: ya nyumbani, na ya jirani ambaye simu yake huwa na chaji.