Tazama Mwandamo Kabla ya Kuingia Baharini: Joto la Maji, Upepo na Usalama wa Kuogelea Unguja na Pemba

Bahari yetu haina baridi ya kumuua mtu. Mwezi wa Agosti, maji yanapopoa kuliko wakati wote, joto lake huwa kama nyuzi 25 au 26 za Selsiasi. Machi hadi mwanzo wa Aprili hupanda kufika 29 au 30. Tofauti ya mwaka mzima ni nyuzi nne hivi, kwa hiyo joto ni swali dogo. La kuuliza kwanza ni kama ni bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana) au maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo), kisha upepo unatoka wapi.

Hata hivyo joto lina mambo yake kwa watoto. Maji hunyonya joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na mtoto mwembamba anayetoka majini kusi, upepo wa kusini, likivuma hupoteza joto upesi sana. Kati ya Juni na Septemba, mtoe kila baada ya dakika 20 au 30, mfute kichwa, mfunike kwa kanga kavu. Midomo ikibadilika rangi au meno yakigongana, basi, harudi tena siku hiyo. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, shida hugeuka: vidimbwi vinavyobaki mwambani maji yakipwa mchana wa jua kali huweza kupita nyuzi 35. Usimkalishe mtoto mchanga humo ukidhani ni beseni. Ukitaka kupima, funga kipimajoto cha maji kwa uzi, kizamishe penye maji ya magoti kwa dakika tatu, na ukisome kikiwa bado majini.

Sasa maji kujaa na kupwa. Huhitaji zaidi ya kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18. Siku ya kwanza ya mwezi, maji hufika kikomo cha kupwa karibu saa nne u nusu asubuhi na hujaa pomoni karibu saa kumi u nusu jioni. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50 hivi. Maji mafu huangukia karibu tarehe 8 hadi 11 na 22 hadi 25. Hesabu hii inaweza kukosea kwa saa moja, kwa hiyo ukitaka saa kamili angalia jedwali la maji au waulize wavuvi wa hapo.

Ndiyo maana Iddi mbili haziko sawa pwani. Iddi el Fitri ni tarehe 1 ya Mfunguo Mosi, mwezi ndio kwanza umeandama, hivyo familia zinateremka pwani mchana katikati ya bamvua na maji yanajaa kwa kasi mpaka jioni. Iddi el Haji ni tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, wakati wa maji mafu: bahari hujaa karibu na adhuhuri, kisha hupwa polepole alasiri. Mzazi anayewaachia watoto wacheze peke yao Iddi kubwa na yakaenda salama, asidhani Iddi ndogo itakuwa vilevile.

Katika bamvua kubwa, tofauti ya kupwa na kujaa hufika kama mita 4. Katika maji mafu hupita mita 1 kidogo tu. Na maji hayapandi sawasawa katika zile saa sita. Saa ya kwanza na ya mwisho hupanda kidogo. Saa ya tatu na ya nne peke yake hubeba nusu ya maji yote. Maana yake, mtu mzima aliyesimama penye maji ya kifundo cha mguu, saa mbili baadaye mahali hapo pamemzidi kimo.

Hatari hii ni kubwa zaidi pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa mpaka Paje na Jambiani, ambako bahari hurudi nyuma mbali kuelekea mwamba. Watu hutembea hadi kwenye mafungu ya mchanga, wakitazama mawimbi ya mbele. Lakini maji yanapoanza kurudi hupitia milango ya mwamba na kujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yao, baina ya fungu na ufukwe. Anza kurudi nusu saa kabla ya kikomo cha kupwa, maji yakiwa bado yanateremka. Usiogelee karibu na mlango wa mwamba maji yanapopwa, maana mkondo huo unatoka nje. Na penye mashamba ya mwani usipige mbizi kabisa: vijiti huwa vimesimama chini, havionekani.

Kuhusu upepo, kusi hupiga mashariki, basi miezi hiyo Kendwa na pwani ya magharibi hutulia zaidi. Kaskazi likishika, kuanzia Disemba hadi Machi, mashariki ya Nungwi na Matemwe huchafuka. Pemba nako, Vumawimbi hupata mawimbi huku Verani, upande wa pili wa Ras Kigomasha, ikiwa shwari. Mjini Unguja, baada ya mvua kubwa ya masika, subiri angalau siku mbili: mitaro yote humwaga baharini.

Nguo nazo zina uzito wake. Baibui na kanga iliyofungwa kiunoni hujifunga miguuni. Mwanamke anayetaka kujisitiri avae suruali ya kubana na blauzi ndefu nyepesi isiyonywa maji, na mtandio uliofungwa nyuma, usining'inie.

Ukichukuliwa na mkondo, usishindane nao. Lala chali, pumua, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka uutoke, ndipo urudi.

Aliye nchi kavu asijitose. Familia inayokwenda pwani ichukue dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, kamba ya mita 15 imefungwa kwenye mkono wake. Tia maji kidogo ndani ili liruke mbali, litupe nyuma ya anayezama, kisha livute limfikie. Akitolewa hapumui, usimbinue wala kumbinya tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5, halafu mkandamize katikati ya kifua mara 30 na kumpulizia 2, uendelee hivyo mpaka apumue au msaada ufike.

Akichomwa na yavuyavu, osha kwa maji ya bahari, si ya bomba. Akichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, tia mguu kwenye maji ya moto anayoyastahimili, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kisha apelekwe hospitali. Ili kumwepuka taa, buruza miguu mchangani badala ya kuinyanyua. Akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe.

Bahari ikichafuka, watoto hukimbilia mabwawa na vijito vya shamba. Wakatazeni. Huko kuna konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Aliyekwisha kuoga humo akapimwe mkojo, hata kama hajaona damu.