Sindano ya mapafu ya njiti huchomwa mama

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, huhangaika kupumua kwa sababu mapafu yake hayajapata safaktanti ya kutosha, ule ute unaozuia vifuko vya hewa visigandamane kila anapotoa pumzi. Dawa ya kwanza ya tatizo hilo hachomwi yeye. Huchomwa mama, mtoto akiwa bado tumboni, kwa hiyo maandalizi hutangulia uchungu.

Anza na wiki zako. Sindano za kukomaza mapafu, mara nyingi deksamethazoni, Shirika la Afya Duniani linazipendekeza kati ya wiki ya 24 na ya 34, kukiwa na dalili kwamba mama atajifungua mapema. Hakikisha tarehe ya hedhi yako ya mwisho imeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na upige ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, maana mimba ikishakua umri wake ni mgumu kukadiria.

Halafu saa. Deksamethazoni huchomwa miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne, na humfaa zaidi mtoto atakayezaliwa kuanzia saa 24 baada ya sindano ya kwanza hadi siku saba. Ndugu yangu, usingoje uchungu ukolee! Maji yakivuja, ukiona damu, tumbo likikaza na kuachia, au kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, ondoka hata kama ni usiku wa manane. Dereva wa kukupeleka na jirani wa kubaki na watoto muwe mmeshakubaliana.

Sindano hizi usizinunue duka la dawa ukachomwe mtaani. Mama mwenye maambukizi zinaweza kumdhuru. Utafiti wa 2020 katika hospitali 29 za nchi tano, Kenya ikiwemo, ulionyesha zinaokoa watoto, lakini humo mama alipimwa kwanza na mtoto akapata huduma akizaliwa.

Kliniki uliza mapema hospitali ipi ina CPAP, mashine ya kusukuma hewa puani, na kafeini kwa njiti anayesahau kupumua. Kwingine hutumika aminofilini badala ya kafeini. Kama iko mbali, rufaa ni heri ifanyike mtoto akiwa tumboni kuliko mikononi.

Safaktanti yenyewe ni ghali, haipo kila mahali, na hupitishwa kwenye koo la hewa. Nyingine hutoka mapafu ya ng'ombe, nyingine ya nguruwe. Familia ya Kiislamu iulize na izungumze na shehe wake mapema, isije ikajadiliana mlangoni mwa wodi.

Kwenye begi weka kanga mbili pana, kofia ya sufu na soksi. Njiti akipoa, mwili wake hutumia oksijeni zaidi, hivyo hubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, njia ya kangaruu. Baba naye ajifunze kumfunga, maana mama aliyetoka kupasuliwa huchoka.