Jinsi ninavyoandaa "Siku Kama ya Leo": mfano wa tarehe 20 Oktoba

Kila asubuhi, kabla tu ya taarifa ya habari ya saa moja, nina dakika mbili hewani za kuwakumbusha wasikilizaji yaliyotokea siku kama hiyo miaka ya nyuma. Wengi wananisikia wakiwa ndani ya matatu, jamu imewashika Jogoo Road, Nairobi, na redio ni ya dereva. Nikiwachosha, anahamia stesheni nyingine bila kumuuliza mtu.

Wanaoanza kazi hii huniuliza matukio nayatoa wapi. Matukio ni mengi kama mchanga, kwa kuwa Wikipedia ina ukurasa wa kila tarehe ya mwaka. Kinachosumbua ni tarehe yenyewe. Nitatumia 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa hapa Kenya, kwa sababu karibu mitego yote ya kazi hii imo ndani yake.

Hatua ya 1: Jaza kapu

Fanya hivi siku tatu kabla, wala usichague chochote bado. Andika kila unachokutana nacho. Kapu langu la 20 Oktoba lina vita vya majini vya Navarino, Ugiriki, vya 1827, hali ya hatari iliyotangazwa Kenya na serikali ya kikoloni 1952 dhidi ya Mau Mau, Kipchoge Keino kushinda mita 1500 kwenye Olimpiki kule Mexico City 1968, na Dick Fosbury aliyeshinda kuruka juu siku hiyohiyo kwa mita 2.24, akipita juu ya mti mgongo ukiwa chini huku watu wakidhani anafanya mzaha. Mamo Wolde wa Ethiopia alichukua marathoni siku hiyohiyo pia. Kuna kufunguliwa kwa Sydney Opera House 1973, Muammar Gaddafi kuuawa Sirte 2011, na waandamanaji kupigwa risasi Lekki, Lagos, 2020.

Usitegemee intaneti peke yake. Ukiwa katikati ya jiji, Makavazi ya Kitaifa yako pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, na maktaba ya McMillan iko Banda Street ikiwa na magazeti ya zamani. Gazeti la siku ile lina faida moja kubwa: aliyeliandika hakujua mambo yataishaje.

Hatua ya 2: Ihoji tarehe

Hapa ndipo ninapotumia nusu ya muda wangu wote, na nilifundishwa na aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilisema hewani kwamba Jomo Kenyatta alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952. Ndivyo nilivyofundishwa shuleni, na sikukuu yenyewe iliitwa Kenyatta Day mpaka katiba ya 2010 ilipoibadilisha jina. Kabla sijafika nje ya studio, simu ikalia. Alikuwa mzee mmoja, sauti imekwaruza.

"Mwanangu, shikamoo hujaniamkia lakini nakusamehe. Kenyatta na wenzake walibebwa usiku wa kuamkia Jumanne. Jumatatu walilala kwao."

"Marahaba" ilinitoka mimi badala ya shikamoo, kwa kuchanganyikiwa. Mzee akacheka, akakata simu. Nikaenda kusoma upya, na alikuwa sahihi. Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari jioni ya Jumatatu tarehe 20. Operesheni ya kukamata watu, iliyopewa jina la siri Jock Scott, ilianza usiku ule baada ya saa sita, na Kenyatta alichukuliwa Gatundu kabla hakujapambazuka. Kwa kalenda ya ukutani hiyo ni tarehe 21, na tangazo lenyewe wananchi walilisikia siku hiyo ya 21.

Kiswahili kilikuwa na jawabu tayari. Sisi usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Jumanne ni ule unaoanza Jumatatu jua likizama. Kwa hiyo tukio lolote la usiku wa manane liandike "usiku wa kuamkia tarehe fulani", na hakuna mzee atakayekupigia simu.

Mtego wa pili ni saa za nchi. Mexico City iko nyuma ya Nairobi kwa saa tisa. Mbio zikianza huko baada ya saa tisa alasiri, huku kwetu saa sita ya usiku imeshapita na tarehe imegeuka. Nina kanuni moja tu: tarehe ni ya mahali tukio lilipotokea. Keino alikimbia tarehe 20 ya Mexico, basi ni tarehe 20, hata kama babu yako alisikia matokeo tarehe 21 na anaapa hivyo.

Mtego wa tatu ni kalenda. Navarino ni 20 Oktoba kwa kalenda tunayotumia leo, lakini Wagiriki wa wakati ule walifuata ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 12, na kwao ilikuwa 8 Oktoba. Ndiyo sababu Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi huangukia Novemba. Ukichukua habari kutoka Ethiopia uwe macho zaidi, maana kalenda yao ina miezi 13 na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane.

Hatua ya 3: Pepeta

Dakika mbili hubeba matukio mawili, matatu ukibana pumzi. Ungo wangu una swali moja: msikilizaji wa Nairobi atalisimulia hili akishuka kwenye gari? Navarino inaanguka hapo hapo. Sydney nayo inaanguka, ingawa iliniuma. Aliyefungua jumba lile ni Malkia Elizabeth, na huyo alirithi taji Februari 1952 akiwa Nyeri, miezi minane tu kabla ya Baring kutia sahihi tangazo kwa mamlaka ya taji hilohilo. Ni kiungo kitamu. Lakini Siku ya Mashujaa si siku ya kumpa Malkia sekunde arubaini.

Lekki niliiacha mwaka mmoja na kuiweka mwaka uliofuata. Tukio ambalo watu bado wanalilia halisomwi kwa sauti ya michezo. Taja mahali na siku. Idadi ya waliokufa ikibishaniwa, sema inabishaniwa, kisha nyamaza sekunde moja kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4: Andika kwa sikio

Mwaka usome kwa ufupi: "mwaka wa hamsini na mbili", si "elfu moja mia tisa hamsini na mbili", labda karne iwe haieleweki. Muda wa Keino ni 3:34.91, hewani sema "dakika tatu na sekunde thelathini na nne na ushei". Saa za Kizungu zigeuze ziwe saa za Kiswahili. Majina ya watu yasizidi matano. Katika kesi ya Kapenguria, iliyofuata kukamatwa huko, walishtakiwa sita: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba. Nikiwataja wote sita, nawapa siku yao peke yao, 8 Aprili, siku waliyohukumiwa 1953.

Anza na mtu, tarehe ifuate. Na tafuta kitu kimoja ambacho msikilizaji anakijua mwilini mwake. Kwa Keino, hicho ni jamu: inasimuliwa kwamba basi lake lilikwama njiani siku ya fainali, akashuka akakimbia mpaka uwanjani. Mtu aliyewahi kushuka kwenye matatu pale Muthurwa akaamua kutembea hahitaji maelezo zaidi.

Hatua ya 5: Isome ukiwa na saa mkononi

Hii ndiyo niliyosoma mwaka jana, neno kwa neno:

"Baring alishika kalamu jioni. Ilikuwa Jumatatu, siku kama ya leo, mwaka wa hamsini na mbili, hapa Nairobi. Alipotia sahihi, Kenya ikawa chini ya hali ya hatari, na ikakaa hivyo zaidi ya miaka saba. Usiku huo wa kuamkia Jumanne, magari ya polisi yalifika Gatundu na kumchukua Jomo Kenyatta.

"Miaka kumi na sita baadaye, tarehe ileile, Kipchoge Keino alikuwa ndani ya basi Mexico City, na basi halisogei. Nyongo ilikuwa ikimsumbua. Wiki moja kabla maumivu yalimwangusha katika mita elfu kumi. Akashuka, akakimbia mpaka uwanjani. Kwenye fainali ya mita elfu moja na mia tano, Ben Jipcho alitangulia kwa kasi kuwachosha wengine, kisha Keino akaenda zake. Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, alifika karibu sekunde tatu nyuma yake."

Mara ya kwanza ilichukua sekunde 78, na nilikuwa nakimbia kama Jipcho. Mara ya pili nilipunguza mwendo, nikaongeza pumzi moja baada ya "Kenyatta", ikafika 86. Sekunde zilizobaki ni za fundi mitambo. Ana tangazo la sabuni la kuingiza kabla ya saa moja.