Umefunga intake ya chini? Soma hii kabla masika haijaingia Malindi

Jamani wenye magari yaliyofungwa ile paipu ya kuvuta hewa baridi ya injini (ndo intake), filta yake ya hewa iko chini nyuma ya bampa, nawaomba muwe makini sana mvua za Aprili na Mei zikianza huku Malindi maana barabara zinajaa maji. Mvua ya kawaida haina shida, shida ni filta kuzama kwenye dimbwi, hapo injini inafyonza maji kama mrija, na maji hayagandamizwi kama hewa, pistoni ikipanda inagota na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda.

Kwanza pima filta iko juu kiasi gani kutoka chini, maji yakikaribia hapo geuza gari urudi tu. Kile kisoksi cha kitambaa kinachovishwa filta kinazuia marashio, kuzama hakizuii. Mimi naona bora urudishe ea klina ya kampuni, lile boksi la filta lililokuja na gari, msimu wote.

Ikizimika majini USIPIGE STATA TENA, hata mara moja! Isukumeni pakavu, fundi atoe plagi zote, akate mafuta na umeme wa plagi, ndo azungushe injini maji yatoke. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia humo, mwaga.