Lozi za kupambia pilau na samaki

Kwa pilau ya kilo moja ya mchele, gramu 50 za lozi zinatosha. Nunua nzima, zikiwa na ngozi yake ya kahawia, na utafune moja kabla ya kulipa. Ikinuka mafuta yaliyochacha, achana nazo. Kukaanga kunaizidisha harufu hiyo.

Zimwagie maji yanayochemka, subiri dakika moja, chuja, kisha zitie kwenye maji baridi. Ibane lozi kwa vidole viwili na itachomoka yenyewe kwenye ngozi. Kata hapohapo, zingali na unyevu: ipasue kwa ncha ya kisu kwenye mstari wake wa kati, laza upande bapa chini, kisha kata kila nusu kwa urefu mara tatu au nne upate vijiti vyembamba. Lozi kavu haikatiki, inavunjika chengachenga. Baada ya hapo tandaza vijiti kwenye kitambaa safi vikauke kabisa, maana vikiingia kikaangoni na maji vitachemka badala ya kukaangika.

Lozi nyingi huharibikia kwenye jiko la mkaa. Ngoja makaa yavae jivu, na mengine uyatoe. Kaanga bila mafuta, ukigeuza bila kupumzika, dakika 3 hadi 5. Zikianza tu kupata rangi ya dhahabu hafifu, mimina kwenye sahani baridi. Ukiziacha kikaangoni, hata kama umeipua, joto la chuma linaendelea kuziunguza, na lozi iliyoungua ni chungu, haina dawa.

Hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, tuna samaki anayependeza sana na lozi: kuhe, kwa kuwa nyama yake ni nyeupe na ladha yake ni ya upole. Mkaange kwanza. Kisha yeyusha vijiko viwili vikubwa vya samli, tia vijiti vibichi, koroga mpaka vibadilike rangi, kamulia nusu ndimu, chumvi kidogo, umwagie juu ya samaki. Mawese usitumie hapa, yataimeza lozi. Na mgebuka, samaki mwingine wa hapa, akipikwa kwa mawese hahitaji pambo hili kabisa.

Juu ya pilau, nyunyiza sinia likiwa linatoka jikoni. Ukinyunyiza mapema na kufunika, mvuke unazilainisha. Wageni waambie kuna lozi, kwani wapo zinaowadhuru.

Zinazobaki zipoe kabisa, ndipo uzitie kwenye chupa yenye mfuniko unaobana. Zikilegea kwa unyevu wa ziwa, zirudishe kikaangoni dakika moja.