Umemaliza kidato cha sita? Jiandae na chuo hatua kwa hatua

Nafundisha mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kila chuo kinapofunguliwa nakutana na vijana waliofaulu vizuri sana kidato cha sita, lakini wanahangaika hadi semista ya kwanza inakwisha. Masomo wanayaweza. Tatizo ni kwamba mambo yao yote yako mikononi mwa watu wengine: nywila ya maombi anayo kijana wa steshenari, vyeti viko kwa mjomba, na ratiba ya kusoma wanasubiri waambiwe. Shuleni kulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu na prepu ya usiku. Chuoni hakuna atakayekugongea mlango, na usipoonekana darasani mwezi mzima hakuna atakayempigia simu baba yako.

Kwa hiyo mdogo wangu, tangu siku unayoweka kalamu chini mwezi Mei, anza kuyachukua mambo yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Panga nyaraka kabla hujaenda JKT

Ukiitwa JKT kwa mujibu wa sheria, muda wa kuzunguka ofisini utakuwa mdogo, na maombi ya mkopo na ya vyuo huja katika miezi hiyo hiyo. Tandika mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho au namba ya NIDA. Soma majina herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Rehema Juma Ally na cha kidato cha nne kinasema Rehema J. Ali, hilo si dogo. Mifumo hii inasomana, na tofauti ya herufi moja inaweza kukurudisha dirishani wiki nzima. Shughulikia sasa: kiapo kwa wakili, au marekebisho kwenye ofisi husika.

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA, wakala wa kazi hiyo hiyo, kama ulizaliwa Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo, kwa sababu Bodi ya Mikopo itakihitaji. Kisha piga picha nyaraka zote, zigeuze PDF, uziweke kwenye barua pepe yako.

Hatua ya 2: Barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako

Hatua hii naisisitiza kuliko zote. Tangu mwaka 2017 maombi ya shahada ya kwanza unayatuma moja kwa moja kwenye vyuo, na unaruhusiwa kuomba zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa vyuo viwili au vitatu, lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalumu ya siri. Namba hiyo hutumwa kwenye simu au barua pepe uliyojaza kwenye fomu. Sasa fikiria fomu ilijazwa steshenari, na jamaa akaweka namba yake ili kazi iende haraka. Namba ya siri inaingia kwake akiwa na wateja arobaini. Wewe uko Kasulu, dirisha linafungwa keshokutwa, simu yake haipatikani.

Steshenari nenda, mlipe akuskanie na akusaidie pale unapokwama, lakini kaa pembeni yake na uandike wewe mwenyewe barua pepe, simu na nywila. Viandike pia kwenye daftari. Simu hupotea.

Kuhusu kuchagua kozi, kabla hujaibofya soma sifa zake kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha mwaka huo huo. Cha mwaka jana alichokupa kaka yako kinaweza kuwa kimepitwa.

Hatua ya 3: Mkopo

Omba mapema, usisubiri matokeo kama dirisha limeshafunguliwa. Namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyotumia kuomba mkopo iwe ile ile uliyotumia kuomba chuo. Waliorudia mtihani ndio hunaswa hapa, kwa sababu wana namba mbili.

Ukishajaza mtandaoni, unachapa fomu, unampelekea mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini anasaini, na wakili au hakimu anagonga muhuri. Kisha unaiskani na kuipandisha tena kwenye mfumo. Kagua kila ukurasa kabla hujabonyeza mwisho: sahihi iliyosahaulika ndiyo sababu ya fomu nyingi kurudishwa.

Majina hutoka kwa awamu. Ukikosa ya kwanza, fuatilia ya pili; ukikosa kabisa, kuna dirisha la rufaa. Na ujue tangu leo kwamba huu ni mkopo: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa kila mwezi itakatwa hadi deni liishe.

Hatua ya 4: Miezi ya kusubiri

Jifunze kuchapa kwenye kompyuta kwa vidole vyote, kupangilia waraka wenye vichwa vya habari na namba za kurasa, na kutengeneza jedwali. Huna laptopu? Azima, au lipia saa chache pale steshenari. Kazi za chuoni hukabidhiwa zikiwa zimechapwa, na anayelipa mtu wa kumchapia kila mara anaumia mfukoni na hajifunzi.

Jifunze pia kupika wali, maharage na ugali usiokuwa na mabuja. Wavulana, nawasema ninyi hasa.

Hatua ya 5: Mahali pa kulala

Omba hosteli ya chuo mara mfumo unapofunguka, maana vitanda havitoshi. Ndiyo maana wanafunzi hubebana, wawili kitanda kimoja, jambo ambalo vyuo vinalikataza na ambalo halikupi usingizi wala nafasi ya kusoma. Ukikosa, tafuta geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, mkiwa wawili au watatu mnaofahamiana. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali anataka yake juu. Usitume hela ya chumba ulichokiona kwenye picha tu. Nenda ukafungue bomba uone kama maji yanatoka, uulize umeme mnalipaje, halafu itembee ile njia saa mbili usiku ujue kama utaweza kurudi peke yako kutoka maktaba.

Hatua ya 6: Bumu

Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo wote tunaiita bumu, ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/2023. Inakuja kwa mkupuo. Mkupuo wa siku 60 ni 600,000, na kwa wengi ndiyo hela kubwa ya kwanza kushika maishani. Wiki hiyo utaona simu mpya, viatu vipya, na kuku na chipsi kila jioni. Wiki ya tano, hao hao wanakunywa uji mara mbili kwa siku.

Igawe siku inayoingia, kabla hujala hata soda. Tuseme kodi yako ni 50,000 kwa mwezi: toa 100,000 ya miezi miwili. Toa 60,000 za kutoa kopi, kuchapa na bando. Toa 40,000 za nauli na gesi. Toa 40,000 nyingine usiyoigusa, kwa sababu bumu linalofuata linaweza kuchelewa. Inabaki 360,000, yaani 6,000 kwa siku, au 42,000 kwa wiki. Iache benki. Kila Jumatatu hamishia kwenye simu 42,000 na uishi nayo.

Bumu la kwanza nalo huenda lisikukute mlangoni. Ondoka nyumbani na hela ya kula ya wiki tatu au nne, na bajeti ya wazazi iwe na bima ya afya, ambayo hulipwa wakati wa usajili.

Hatua ya 7: Hesabu saa zako

Kwa utaratibu wa TCU krediti moja ni saa 10 za kazi, na mwaka mmoja wa shahada una krediti zisizopungua 120. Semista moja ni krediti 60, yaani saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za kufundishwa unapata saa 40 kwa wiki. Ratiba ya vipindi inaweza kuonyesha saa 18 au 20 tu, na mwanafunzi mgeni anaona amepata likizo. Zile 20 au 22 zilizobaki ni zako kusoma, na zimehesabiwa.

Zipangie mahali na saa. Kama Jumanne una lekcha saa mbili asubuhi na nyingine saa nane mchana, usirudi geto kulala. Saa nne hadi saa saba uwe maktaba na somo moja linalojulikana. Desa la mwaka jana, yaani notsi za waliokutangulia, litakusaidia kujua mada, lakini maswali yangu siyatoi kwenye desa, na wenzangu wengi hivyo hivyo.

Ielewe na GPA, yaani wastani wa pointi zako, mapema. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi huzidishwa na krediti za kozi. Ukipata B+ kwenye kozi ya krediti 12 na C kwenye ya krediti 8, una 48 na 16, jumla 64. Gawa kwa 20, GPA ni 3.2. Daraja la kwanza huanzia 4.4. Kozi zinazodharauliwa mwaka wa kwanza, kama stadi za mawasiliano na stadi za maendeleo, zimo kwenye hesabu hiyo hiyo. Nimeona wanafunzi wa sayansi wazuri wakipata sapu (mtihani wa marudio) huko.

Tena vyuo vingi hutoa alama 40 kwa kazi na majaribio ya ndani ya semista, na 60 kwa mtihani wa mwisho. Aliyeingia mtihani na 13 kati ya 40 anaanza mbio akiwa nyuma.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Hudhuria wiki ya utambulisho, hata ikikuchosha. Lipa kwa namba ya malipo ya chuo tu, kamwe si kwa simu ya mtu. Kisha sajili kozi zako kwenye mfumo, moja baada ya nyingine, na upige picha ukurasa wa mwisho. Kulipa ada na kukaa darasani hakutoshi: kozi isiyosajiliwa haina matokeo. Baada ya siku chache angalia kama jina lako limo kwenye orodha ya kila kozi. Usipoliona, nenda kwa mratibu wa kozi wiki hiyo hiyo na ile picha mkononi, kabla ya jaribio la kwanza.